Mchago Wenye Nafasi ya Mshono

Mzee alikuwa na kitanda. Alikuwa na godoro jipya, shuka mbili zilizopigwa pasi mpaka zikanyooka kama karatasi, na mto ambao binti yake aliushona kwa mkono wake na kuujaza pamba safi. Pamoja na hayo yote, kila kukicha binti alimkuta sebuleni amelala kwenye kiti, kidevu kifuani na viatu miguuni, kama abiria anayesubiri gari lisilojulikana litakuja saa ngapi.

"Baba, mbona hukulala chumbani?"

"Nililala."

"Ulilala wapi?"

"Nililala," mzee alirudia, akainuka kwenda kunawa uso, na mjadala ukaishia hapo.

Binti huyu alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na nguo za watu zikining'inia ukutani zikisubiri wenyewe wanaopenda kusema "nitapita kesho". Baba yake alikuwa seremala, tena si seremala wa kubabaisha. Nusu ya milango ya mtaa waliokulia ilitoka mikononi mwake. Lakini wiki moja baada ya kumzika mkewe, alimwita mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa naye ni mtu mzima mwenye kipara, akamkabidhi sanduku zima la vifaa: randa, patasi, misumeno, nyundo, hata jiwe la kunolea. Hakubakisha kitu ila penseli yake bapa, ile nyekundu, iliyoendelea kukaa nyuma ya sikio la kulia kwa mazoea tu.

Nyumba ambayo yeye na mkewe walikuwa wakipanga ikarudishwa kwa mwenyewe. Kitanda chao cha zamani kilipoinuliwa, miguu ilibaki sakafuni. Mchwa walikuwa wameshaimaliza ndani kwa ndani. Na mchago, ule ubao mkubwa wa kichwani ambao mzee aliuchonga mwaka aliooa, ukakatika vipande viwili kama biskuti. Mzee aliutazama, akasema, "Basi," akaenda kukaa garini.

Alifika kwa binti yake na begi moja na maneno machache, na maneno yenyewe yakawa yanapungua siku hadi siku. Alikula alichopewa. Alishukuru. Mtu angedhani ni mgeni aliyepangishiwa chumba.

Kilichomuuma binti zaidi, kuliko hata kile kiti, ni jina. Tangu akiwa mtoto wa kuokota mabaki ya vitambaa chini ya meza za mafundi, nyumbani walimwita Kipande. Mama alimwita hivyo, baba alimwita hivyo, kaka yake alimwita hivyo kwa kumchokoza. Sasa mama hayupo, kaka amekuwa mtu wa ofisi anayemwita "mdogo wangu", na mzee, tangu ahamie, hakuwahi kulitamka hata mara moja. Alimwita "mama", kama baba yeyote anavyomwita binti yeyote. Kipande alikuwa na jina zuri la kwenye vyeti, lakini hilo wateja walitosha kulitumia. Alilitaka lile jingine, na sasa duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kumpa.

Mwezi wa pili tangu ahamie, miguu ya mzee ikaanza kuvimba. Daktari wa zahanati aliibonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

"Analala vipi huyu?"

"Kwenye kiti," alijibu Kipande kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyemfunga kamba.

"Hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Alale kitandani, ajinyooshe. Mkiendelea hivi tutakuja kuongea mengine, na hamtayapenda."

Kipande alifanya kosa la kumsimulia kaka yake kwenye simu. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akafunga mambo kama anavyofunga faili.

"Mdogo wangu, nimevuta subira ya kutosha. Leo ni Jumatatu. Kama hajalala kitandani mpaka Jumamosi, nakuja na gari kumchukua. Huku kwangu atalala."

Huko kwake kulikuwa mwendo wa siku nzima, ghorofa ya nne, ngazi tupu. Mzee na mwanawe huyo walipendana vizuri sana wakiwa mbali. Wakikaa pamoja saa moja lazima mmoja atoke nje kupunga hewa. Kipande alikata simu akakaa na mkasi mkononi, hakati kitu. Hakutaka baba yake aende. Aliogopa, na aliijua hofu yake ilivyo: mzee akiondoka pale hatarudi, na akishaondoka, Kipande atakuwa mtu asiye na kwao.

Jioni ile alimfuata sebuleni, akavuta kigoda.

"Baba, niambie ukweli. Kitanda kina ubaya gani?"

Mzee aligeuza uso kuelekea mlango wa chumba. "Ukuta una baridi," alisema.

Kwa Kipande hilo lilitosha kabisa. Ukuta una baridi! Kumbe! Mtu aliyelalia mchago wa mbao tangu alipooa, leo unamlaza kichwa kwenye saruji tupu, atapataje usingizi? Alijilaumu kwa kutoliona jambo lililo wazi vile, na Jumanne asubuhi alikuwa mlangoni kwa muuza samani kabla mwenyewe hajamaliza kufagia. Alionyeshwa mchago mmoja wa mbao, mzuri kweli. Alipotajiwa bei alicheka, akidhani ni utani wa asubuhi. Muuzaji hakucheka. Kipande akaaga kwa adabu.

Njiani ndipo alipozikumbuka mbao.

Zilikuwa chini ya meza yake ya kukatia, nne, pana, zimefunikwa kitambaa, na juu yake majora ya vitambaa yamepangwa kama kwenye rafu. Alikuwa amezizoea hata akawa hazioni. Alipoondoa majora na kufunua, harufu ikampiga: vumbi, na chini ya vumbi ukakasi hafifu wa nyanya. Kipande alipiga magoti palepale akiwa ameshika kitambaa. Ilikuwa meza ya mama yake.

Mama aliuza nyanya na vitunguu sokoni miaka ishirini na sita, kwenye kibanda alichojengewa na mumewe. Mzee, wakati huo kijana mwenye kazi nyingi na majivuno kidogo, alikijenga kwa siku moja, mbao zikiwa ghafi kama zilivyotoka kwenye msumeno, hata randa hazikuonja. "Kesho nitakuja kuilainisha meza," alimwambia mkewe. Kesho hiyo ikawa wimbo. Mama aliwakaribisha wateja kwa sauti kubwa: "Karibuni kwenye meza ya mke wa fundi! Lakini chungeni mikono, meza yangu inauma!" Soko zima lilicheka, na mzee akipita hapo alijifanya ana haraka.

Kipande alikulia chini ya meza hiyo. Hapo ndipo alipofanyia kazi za shule, akiona miguu tu ya wateja na kuwatambua kwa ndala zao. Juu yake, mama alisimama ameegemea, akipiga soga na jirani wa upande wa pili, na maji ya kuoshea nyanya yakidondoka tone tone kwenye daftari la hesabu. Meza iliuma kweli. Hapakupita wiki bila kibanzi kuingia kidoleni mwa mtu, na mama alikuwa na sindano yake aliyoichomeka kwenye upindo wa kanga kwa kazi hiyo tu. Sindano ya kwanza ambayo Kipande aliishika maishani mwake ilikuwa ile ya kutolea vibanzi. Alikuwa na mkono mwepesi. Hata watu wazima walimletea vidole vyao. "Huyu atakuja kuwa daktari," walisema. Akawa fundi cherehani, na mama alisema ni kulekule tu.

Halafu soko likajengwa upya, meza zikawa za saruji, vibanda vikabomolewa. "Chukua hizi mbao," mama alimwambia. "Usizichome. Nitazitafutia kazi." Hakuwahi kuzitafutia. Miaka sita zilikaa chini ya majora, na mama alipokuja kumtembelea alizigusa kwa ncha ya mguu na kusema, "Bado zipo?" kama anayeulizia watu.

"Haya, mama, kazi imepatikana," Kipande alisema kwa sauti pale chini, kisha akaangalia mlangoni kama kuna mteja aliyemsikia.

Aliingia chumbani kwa baba yake na futi ya kitambaa, akapima kitanda kama anavyopima kiuno cha mteja. Inchi arobaini na mbili. Akarudi kwenye meza yake, akachukua chaki na karatasi ya kukatia, akaandika hesabu zake haraka haraka, kwa mazoea ya miaka ishirini: vipande vinne, kila kimoja inchi kumi na mbili na nusu. Hakurudia mara mbili. Mtu asiyekosea suruali atakosea ubao?

Mwenye mashine ya kupasua mbao alikuwa mteja wake, na ovaroli lake lilikuwa limepasuka mgongoni toka juu mpaka chini. Walielewana bila kutoa hata senti: yeye atanyoosha mbao nne, Kipande atashona mgongo. Fundi yule alisoma karatasi, akaugeuza ubao wa mwisho huku na huku.

"Dada fundi, huu wako umeliwa ukingoni. Ona hapa."

Kweli ukingo mmoja ulikuwa na kibonyeo, kama mtu alipang'ata akaghairi.

"Panya," alisema Kipande.

"Basi sikia. Kwa kipimo hiki ulichoandika, nanyoosha ukingo mmoja tu, ule wa nyuma wenye matundu ya misumari. Huu ulioliwa nauacha kama ulivyo, maana nikiugusa utapungua. Sawa?"

"Uache. Nitauweka upande usioonekana."

Siku tatu zilizofuata, kila mchana wateja walipopungua, Kipande aliunda mchago nyuma ya nyumba. Aling'oa misumari ya zamani akainyoosha kwenye jiwe, kama alivyomwona baba yake akifanya utotoni, msumari unalala, unaupiga nyundo tumboni, unauviringisha. Misumari iliyonyooka ilikuwa tisa. Mingine ilitoka imepinda upande wa pili. Alipanga mbao nne zimesimama bega kwa bega, akazikaza kwa nyuma na vibao viwili vilivyolazwa kukatisha. Ule ulioliwa aliuweka mwisho kabisa, kibonyeo kikitazama nje, upande ambao ubavu wa kitanda uligusa ukuta. Karatasi ya msasa ilikuwa moja, nayo ikaisha makali kabla hajamaliza ubao wa kwanza, ndipo akakata kauli kwamba mchago utabaki wa kishamba na hilo ndilo pambo lake. Rangi ya kung'arisha hakuwa nayo. Alikuwa na mshumaa ule anaopaka zipu ngumu ili ziteleze. Akausugua kwenye mbao mpaka ukabaki utambi.

Mzee alihamisha kiti chake hadi mlango wa nyuma, akatazama. Kila nyundo ilipokosea msumari, bega lake liliruka. Kipande alipopasua kibao kwa kupigilia karibu mno na ncha, mzee alifumba macho. Alhamisi alisimama kabisa, akaja mpaka hatua mbili kutoka pale, akatazama upande wa nyuma wa mchago, misumari imelala kila mmoja na njia yake, akafungua mdomo. Kipande akashusha nyundo.

"Jua kali," mzee alisema, akarudi kwenye kiti.

Ijumaa alasiri kazi ilikamilika. "Baba, nishikie upande huo," Kipande aliomba, na mzee akashika. Waliubeba ubavu ubavu, mmoja akirudi kinyumenyume, mpaka chumbani. Kitanda walikivuta, wakausimamisha mchago, wakakisukuma kitanda kiurudie. Kisha wote wawili wakasimama wakitazama.

Mchago ulikuwa umezidi, wala haukuzidi kidogo. Kitanda kilikaa mbele yake kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Kipande alichomoa futi shingoni, akapima kitanda. Arobaini na mbili. Akapima mchago. Hamsini. Akapima tena, labda futi imedanganya.

"Haiwezekani," alisema. "Nilipiga hesabu vizuri. Arobaini na mbili gawa kwa nne, kumi na nusu. Halafu nikaongeza inchi moja huku na inchi moja huku, kila kipande..."

"Ya nini?" aliuliza mzee.

"Nini ya nini?"

"Hizo inchi. Uliongeza za nini?"

"Za mshono, Baba! Lazima uache nafasi ya mshono, sivyo ukishaunganisha..."

Alizitazama mbao nne zilizosimama bega kwa bega. Mzee naye alizitazama, akainama, akapitisha kidole kwenye ufa kati ya ubao wa kwanza na wa pili, taratibu, kutoka juu mpaka chini.

"Mshono wenyewe ndio huu?"

Kwanza ilikuwa kama kikohozi. Kipande alidhani amepaliwa, akanyoosha mkono kumpiga mgongoni, kumbe mzee anacheka. Alicheka bila sauti, mabega yakimtetemeka, kisha sauti ikapatikana, akajishikilia kwenye mchago uleule, machozi yakimtoka. "Umekipimia gauni!" alisema alipopata pumzi. "Mwanangu, umekishonea kitanda gauni!" Ilikuwa miezi mitatu tangu Kipande amsikie akicheka. Naye akaanza kucheka, lakini kicheko chake kikakatikia njiani, maana alikumbuka kesho ni Jumamosi.

Alitoka nje, akarudi na msumeno wa mkono alioazimwa na yule fundi wa mashine.

"Nakata," alisema. "Inchi nane tu. Kaka anakuja kesho, Baba. Anakuja kukuchukua, na mimi sitaki uende. Nilitaka ulale kitandani leo, basi. Hata kupima ubao nimeshindwa." Alikuwa analia sasa, waziwazi, kama alivyolia utotoni. Aliusogeza mchago mbali na ukuta, akaweka meno ya msumeno kwenye ubao wa mwisho, ule ulioliwa, kwa kuwa ndio uliokuwa mbaya kuliko yote.

"Kipande."

Mkono wake ukasimama.

"Kipande, weka msumeno chini."

Akauweka. Mzee hakuwa akicheka tena. Alipiga goti kwa mbinde, mkono mmoja kitandani, mpaka uso wake ukalingana na kile kibonyeo kwenye ukingo. Alipapasa. Mbao zote zilikuwa na mikwaruzo na vibanzi ambavyo msasa haukuvimaliza, lakini pale ndani palikuwa laini kabisa, pameng'aa, kama jiwe la mtoni.

"Hii ni meza ya mama yako."

"Ndiyo, Baba."

"Ulikuwa nayo siku zote hizi?"

"Chini ya meza yangu ya kukatia."

"Na hapa, unapajua ni nini?"

"Palipoliwa. Nilidhani panya..."

"Panya!" Mzee alimtazama kwa hasira ya kweli, ile ya zamani, ya karakana. "Umekaa chini ya meza hii miaka yote hiyo, na hukuwahi kutazama juu? Ni kiwiko. Cha kushoto. Hapa ndipo aliposimama akaegemea, kutoka asubuhi mpaka jioni, akipiga umbea na yule muuza vitunguu mwenzake." Aliweka kiwiko chake mwenyewe pale. Hakikuenea, mkewe alikuwa na mkono mdogo. "Nilimwambia kesho nitakuja kuipiga randa. Unakumbuka? Kila siku kesho. Nimewapigia randa watu wote mtaa mzima, na milango yao na makabati yao, yeye nikamwambia kesho. Miaka ishirini na sita. Basi akaipiga mwenyewe."

Kipande alikaa chini sakafuni kando yake. Akaegemeza kichwa kwenye bega la baba yake, lililokuwa na harufu ya nta ya mshumaa.

"Ungepima kama seremala," mzee alisema, "yule bwana angenyoosha pande zote mbili. Hapa pangebaki kwenye vumbi la mashine." Akatikisa kichwa. "Nafasi ya mshono!"

"Baba. Ni ukuta kweli? Ni baridi ya ukuta?"

Mzee aligusa ukuta kwa kiganja. "Kitanda chako umekigandisha ukutani," alisema. "Sisi, yeye alilala ukutani na mimi upande wa mlango. Miaka arobaini na moja. Sasa nikilala hapa nikageuka, nakuta ukuta. Mtu hayupo, hilo nimelikubali. Lakini hata pa kulala mtu hapapo. Nitalalaje hivyo?" Alisema kama anayeeleza jambo la kifundi, ubao fulani kwa nini hauwezi kukaa. "Kwenye kiti angalau najua nimekaa peke yangu."

Kisha akafanya kitu ambacho Kipande hakukitarajia tena. Alipeleka mkono sikioni, akashusha penseli nyekundu, akalowesha ncha yake kwa ulimi. "Lete futi yako ya magauni," alisema. Akapima kutoka ukutani inchi nane, akaweka alama sakafuni, msalaba mdogo, akapima tena upande wa miguuni, akaweka msalaba wa pili. "Miguu ya kitanda ikae hapa. Kile kistuli cha kuwekea vitu, upande wa mlango, kitoke kipishe kitanda. Ziada yote iende ukutani. Na hiyo misumari yako, Mungu atusamehe, ing'oe yote. Nenda kwa yule bwana umuombe skrubu kumi na mbili na bisibisi. Mwambie ni mimi ninayetaka."

Kaka alifika Jumamosi saa tatu asubuhi, baada ya kuendesha usiku kucha, begi begani, amevaa shati la kusafiria, funguo za gari zikilia mkononi. Jambo la kwanza aliloliona sebuleni ni kiti kitupu.

"Ameenda wapi?"

Kipande alimwonyesha mlango wa chumba kwa kidevu, kidole mdomoni.

Mzee alikuwa amelala chali, amejinyoosha urefu wake wote, viatu vimepangwa chini, miguu iko juu ya shuka. Alikuwa upande wa mlango kabisa, ukingoni, kama mtu aliyebanwa na mwenzake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka juu ya mto mpaka upande wa ukuta, vidole vimetulia ndani ya kile kibonyeo. Kaka alisimama muda mrefu akisikiliza anavyokoroma. Ndipo macho yake ya kiofisi yakaanza kazi.

"Lakini mbona umekaa hivi?" alinong'ona. "Huu ubao umezidi upande mmoja. Na kitanda kiko mbali na ukuta, mtu ataangushia vitu humo." Alitazama pa kuweka begi lake, na kwa kuwa kistuli kilikuwa kimetolewa, akaegemea juu ya kitanda ili alisukumie kwenye ile nafasi ya ukutani.

Kukoroma kukakatika. Mzee hakufumbua macho.

"Kipande," alisema, "mwambie kaka yako atoe begi lake hapo. Hapo pana mtu."